Mkia wa Msafara: Kwa Baiskeli Usiku Kutoka Mjini Hadi Mutuini

Niliondoka nyumbani Kileleshwa Jumamosi saa tatu usiku, nikiwa na miaka hamsini na tatu, suruali ya kubana niliyoazimwa, na uongo wa miaka ishirini. Mwanzoni ni suruali iliyonisumbua zaidi.

Uongo wenyewe ulikuwa hivi. Binti yangu Nekesa alipokuwa na miaka sita alianguka na baiskeli kwenye maegesho ya fleti zetu, akaapa hataigusa tena. Ili kumtia moyo nikamsimulia jinsi nilivyotoka kijijini kwetu Malava usiku mmoja kwa baiskeli ya chuma isiyo na gia, nikapita Kakamega chini ya mbalamwezi, nikapanda milima ya Chavakali na Mbale, nikateremka Kisumu kulipokucha, nikaingia kwenye usaili wa ufadhili wa masomo nikiwa na vumbi hadi kwenye kope. Ufadhili huo ndio ulionipeleka chuo kikuu. Kila nilichomwambia, kwa kadiri nilivyojua, kilikuwa kweli isipokuwa mahali nilipokaa. Nilikaa kwenye keria. Aliyekuwa akikanyaga pedali ni dada yangu Rosa, wakati huo msichana wa miaka kumi na tisa, nami nilikuwa nyuma yake nimekumbatia bahasha ya vyeti.

Sikukusudia kumfuta Rosa. Mtoto alitaka shujaa mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilidhani ningemrudisha dada yangu kwenye hadithi baadaye, kama mtu anavyorudisha kitabu alichoazima. Sote tunajua vitabu vya kuazima huishia wapi. Nekesa akapanda tena baiskeli. Akakua. Akasomea uhandisi wa maji, akaanguka mtihani mmoja mgumu, na kabla ya kuurudia akaandika neno CHAVAKALI kwa kalamu nene, akalibandika ukutani juu ya meza yake. Baba wa aina gani angeingia chumbani humo na kusema, samahani, kuna jambo nilisahau kuhusu keria?

Sasa ana miaka ishirini na sita na ni mwanachama wa kikundi cha waendesha baiskeli ambao mara moja kwa mwezi hukesha barabarani badala ya kulala kama watu waliolelewa. Aliwasimulia habari za Malava na Kisumu. Wakataka kuniona. Mke wangu aliambiwa ukweli na Rosa mwenyewe wiki ya harusi yetu, na kwa miaka yote hiyo hakunisaliti wala hakunisaidia.

"Unaweza kumwambia leo kwa dakika mbili," alisema huku akikunja nguo, "au uende ukakanyage kilomita arobaini."

Nilichagua kukanyaga.

Saa nne usiku tulikuwa mjini, kando ya Uhuru Park. Walikuja watu wapatao thelathini, wengi wao wa umri wa kuwa wanafunzi wangu, wakiwa na baiskeli nyembamba zilizogharimu zaidi ya gari langu la kwanza. Baiskeli yangu Nekesa aliiazima pamoja na suruali. Kiongozi wa msafara alikuwa Kevo, fundi wa lifti mwenye sauti ya mtu aliyezoea kutuliza watu waliokwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano.

"Wadau, tusikizane," alisema. "Leo hakuna mashindano. Tunatoka pamoja, tunafika pamoja. Mimi niko mbele. Ile pikapu itakuwa nyuma, na ndani iko na godoro. Tunaiita Kitanda. Ukishindwa unaenda Kitanda, na hakuna kukucheka mpaka tufike."

Kisha akaeleza cheo cha mkia. Mkia ni mtu wa mwisho katika msafara. Huvaa taa nyekundu mgongoni na filimbi shingoni, na hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Kazi yake ni kumsindikiza yule aliyechoka kuliko wote, kwa mwendo wake, bila kumkimbiza.

"Ukiona taa nyekundu iko mbele yako, jua umepotea," Kevo alisema. "Na leo mkia ni mtu alishafanya Malava mpaka Kisumu, usiku, na baiskeli ya chuma. Mwalimu, simama uonekane."

Nilikuwa tayari nimesimama, kwa hivyo nilijinyoosha. Wakapiga makofi. Nekesa akanifunga ile taa mgongoni kwa makini, kama mama anayemfunga mtoto vifungo vya sweta siku ya kwanza ya shule, kisha akanipiga begani na kwenda kujipanga mbele na wenye nguvu.

Saa tano kasoro tuliingia katikati ya jiji. Sijawahi kuiona Nairobi ikiwa mpole kiasi hicho. Kwenye Barabara ya Kenyatta askari wa maduka walikuwa wamekaa ngazini, wamejifunga mablanketi, redio ndogo miguuni. Mataa ya barabarani yalibadilika kutoka nyekundu kwenda kijani bila mtu wa kuyatii. Tulizunguka mitaa ambayo mchana huwa siwezi kuivuka hata kwa miguu, na kwa muda wa dakika kumi na tano niliamini kabisa kwamba mimi ni mwendesha baiskeli. Nje ya baa moja kijana aliyekuwa akimshikilia mwenzake asianguke alinisimamisha kwa mkono.

"Mzee, unabeba?"

"Sibebi."

"Hata huyu mmoja? Ni mwepesi, amelewa tu."

Kufikia hapo msafara ulikuwa umenitangulia hatua mia. Niliwafikia walipokuwa wakisubiri kwenye mzunguko. Kevo akaniinulia kidole gumba, na sikujua kwa nini.

Saa tano na nusu tulipanda Museum Hill. Kwa gari ile si kilima, ni neno kwenye kibao. Kwa baiskeli ni kilima. Nilitafuta gia nyepesi, nikapata nzito, nikatafuta tena, mnyororo ukalia kama mtu anayetafuna mifupa ya kuku, na miguu yangu ikaanza kunieleza mambo ambayo ilikuwa imeyanyamazia tangu shule ya msingi. Wote walipotea juu isipokuwa mmoja, mwanamke aliyevaa sketi ndefu juu ya suruali ya michezo na leso kichwani chini ya kofia ngumu. Alikuwa hatua chache mbele yangu akienda polepole sana, karibu kusimama. Nilimhurumia. Nilijiambia, huyu ndiye wangu, huyu ndiye niliyetumwa kumsindikiza.

"Usiwe na haraka, Mama," nilimwambia, kwa pumzi niliyokuwa naihitaji kwa mambo mengine.

"Sina," alijibu.

Jina lake lilikuwa Mama Njoki. Alikuwa na nyumba za kupangisha Kinoo na wajukuu wanne. Juu ya kilima vijana wote walikuwa wakitusubiri, na Kevo alimjia moja kwa moja.

"Pole, mathee. Pumua kwanza."

"Asante," alisema Mama Njoki, ambaye nikikumbuka vizuri hakuwa akipumua kwa shida yoyote.

"Mwalimu amekuvumilia sana."

Akanigeukia, akaniangalia kwa muda, uso wake ukiwa mkavu kama wa mwenye nyumba anayesikiliza sababu za mpangaji. "Amenivumilia," akasema.

Saa sita na nusu tulipita Kileleshwa, na kwa mpango wa mtu asiye na huruma tulipita mtaa wangu. Fleti zetu zilikuwa zimezima taa zote ila moja ya ghorofa ya tatu, ambayo niliifahamu. Bawabu wetu Barasa aliniona nikija nikiyumba, akaruka kutoka kwenye kiti chake.

"Mwalimu, nifungue?"

Naomba msomaji asidharau swali hilo. Nimeulizwa maswali mengi na watu wenye shahada, na hakuna lililowahi kunichoma kama lile. Nilishusha mguu mmoja. Geti likafunguka kidogo, kiasi cha kupitisha mtu na baiskeli na aibu yake.

Chini ya mlingoti wa taa, Mama Njoki alikuwa amesimama akinisubiri.

"Hapo ndipo unakaa?"

"Ndipo."

"Ni kuzuri." Akatazama juu. "Na kitanda chako ndicho kile kiko na taa?"

"Ghorofa ya tatu."

"Basi usiangalie juu. Angalia tairi yangu."

Barasa akafunga geti taratibu, kwa heshima, kama anayefunga jeneza. Niliangalia tairi ya Mama Njoki hadi Lavington.

Saa saba na robo, Barabara ya James Gichuru. Hapa ndipo nilipoanza kushuku. Mama Njoki alikuwa akiimba. Ulikuwa wimbo wa kanisa, wa Kikuyu, wenye beti nyingi, na aliuimba wote kuanzia chini ya mteremko hadi juu bila kukata hata silabi moja. Mimi wakati huo sikuweza kusema neno lenye silabi mbili. Nilimwona akifika juu, akageuka, akashuka hadi nilipo, akageuka tena na kupanda nami, huku akiendelea na ubeti wa tano. Chupa yangu ya maji ilipoanguka aliirudia. Nilipojifanya nakagua mnyororo, alinishikia tochi na kunitazama nikikagua mnyororo usio na kasoro.

Tulipowafikia wengine, wakampigia Mama Njoki makofi ya kumtia moyo. Msichana mmoja akampa ndizi. Mimi nikapewa ile heshima ya kimya wanayopewa madaktari wanaotoka chumba cha upasuaji. Ndipo nikaelewa hesabu ya mambo. Kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kuwa nyuma ya mkia, basi mkia akichelewa lazima iwe anamsubiri aliye mbele yake. Ningeweza kwenda kwa mwendo wa kinyonga hadi asubuhi, na kila mita ningesifiwa kwa subira. Mama Njoki angelaumiwa kwa kila mita hiyo hiyo.

Saa nane usiku, Kangemi, nikamwuliza.

"Mama, wewe hujachoka."

"Nichoke na nini? Mimi huu mlima napanda kila wiki. Niko na ploti Kinoo na ingine Uthiru. Wapangaji wangu wakisikia gari yangu wanazima taa. Baiskeli haisikiki ikija."

"Sasa mbona uko nyuma?"

"Kwa sababu wewe uko nyuma."

"Mimi ni mkia. Mkia hukaa nyuma."

"Hukaa. Lakini wewe ungekuwa nyuma hata kama si mkia, Baba Nekesa. Nilikuona pale Museum Hill. Ulikuwa unaongelesha baiskeli."

Ni kweli. Nilikuwa nimeiambia baiskeli tafadhali.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie mbele ya msichana wako? Vile anakuangalia?" Akakanyaga kidogo, akasubiri. "Kanisani kwetu mgonjwa hatangazwi. Anatembelewa tu."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuuliza. Kifungua kinywa cha msafara kingekuwa Mutuini, kwenye shamba la kaka yake, Baba Wairimu. Watoto wa Mama Njoki walikuwa wameshamwambia kwamba mwanamke mwenye wajukuu hapaswi kupanda baiskeli, na kaka yake aliposikia ubishi akaamua kesi: dada yake akifika kwa miguu yake mwenyewe, hakuna atakayemsumbua tena, akifika juu ya Kitanda, baiskeli inauzwa. Na alikuwa amekubali, kwa sababu alijua atafika.

"Sasa ukichelewa na mimi?"

"Sitachelewa. Wewe kanyaga tu."

Pale pale niliamua kusema ukweli. Baada ya hatua hamsini niliamua kuusema tukifika Kinoo. Karibu na Uthiru niliona kwamba ungesikika vizuri zaidi Mutuini, baada ya chai, wakati watu wameshiba. Mimi ni mtu wa kupanga mambo kwa awamu.

Saa tisa na dakika arobaini tulifika Kinoo, na wengine walikuwa wametusubiri muda mrefu hivi kwamba wawili walikuwa wamelala kwenye varanda ya duka la mifugo. Kevo hakuwa na uso wa utani. Malori ya mboga yalikuwa yameanza kuteremka Waiyaki Way kuelekea sokoni, moja baada ya jingine, kabichi zimerundikwa hadi juu ya kibanda cha dereva. Msafara ulipaswa kuwa umeiacha barabara kuu kabla ya malori hayo. Alimwendea Mama Njoki, akavua glavu kwanza, kwa adabu.

"Mathee, usiniskie vibaya. Umejitahidi. Lakini imebidi uende Kitanda. Mwalimu pia amechoka kukungojea, tu hawezi kusema."

Mama Njoki hakubishana. Tulikuwa kwao, pengine kulikuwa na mpangaji wake dirishani. Alishusha baiskeli kwenye ukingo wa barabara, akaanza kufungua zipu ya koti lake la kumeremeta. Hakunitazama. Angenitazama hata kidogo, ningekasirika kwamba ananishurutisha, na nikishakasirika mimi hupata sababu za kunyamaza. Hakunitazama kabisa.

Nekesa akamwekea mkono begani. "Pole, Mama," akasema kwa upole wa kweli. "Si kila mtu anaweza kama Baba."

Nilipuliza filimbi. Sijui kwa nini. Sote tulikuwa tumesimama. Wale wawili wa varandani wakaamka.

"Mama Njoki hajamchelewesha mtu," nilisema. "Ni mimi. Yeye ndiye alikuwa ananisubiri mimi, tangu Museum Hill."

Walinitazama. Kisha Kevo akatabasamu, akatikisa kichwa, na vijana watatu wanne wakaanza kupiga makofi.

"Mwalimu," alisema, "tunajua uko na roho safi. Lakini hata ukijitwika, sheria ni sheria."

"Sijitwiki. Siwezi kupanda kilima."

"Mtu wa Chavakali hawezi kupanda kilima?" mmoja aliuliza, na wakacheka kwa mapenzi.

Nikaona ubaya wa sifa. Mtu akishasifiwa vya kutosha hata kukiri kwake huhesabiwa kuwa unyenyekevu. Mama Njoki alikuwa ameshavua mkono mmoja wa koti. Ili waamini nusu ya kwanza, ilibidi niwape na ya pili. Nikamgeukia Nekesa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kuisikia, wengine walikuwa wapita njia tu.

"Sikuendesha," nilisema. "Ule usiku wa Kisumu. Nilikuwa kwenye keria."

Lori la kabichi likapita. Tulingoja limalizike.

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Shangazi yako Rosa."

"Njia yote?"

"Njia yote."

"Na Chavakali?"

"Chavakali nilishuka."

"Ukasukuma?"

Ningeweza kusema ndiyo. Bado nilikuwa na nafasi ya kuokoa kitu kidogo. "Nilibeba bahasha," nikasema.

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Kevo alikuwa akihesabu kwa vidole, akirudi Kangemi, Lavington, Kileleshwa, kituo kwa kituo.

"Ngoja," alisema polepole. "Kwa hivyo mtu wa mwisho alikuwa mkia?"

"Mkia huwa wa mwisho daima," alisema Mama Njoki. "Ndiyo maana hamkuona."

"Hapo sheria haisemi kitu," Kevo alikiri, na nadhani ndicho kilichomuuma zaidi.

Nekesa alinijia. Alinigeuza kwa bega, akanivua ile taa nyekundu, si kwa upole alioifunga nao, akaenda kumfunga Mama Njoki. Kisha akapanda baiskeli yake na kwenda mbele. Mama Njoki akapandisha zipu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Godoro liko na kunguni upande wa kushoto," na hilo lilikuwa neno pekee la faraja nililopata Kinoo.

Saa kumi na dakika kadhaa, juu ya Kitanda. Niko na baiskeli yangu kifuani, upande wa kulia. Kupitia kioo cha dereva niliiona taa nyekundu ikituongoza kutoka barabara kuu kuelekea Dagoretti. Haikuwahi kupungua mwendo. Kwenye miinuko niliona mgongo wa Mama Njoki ukisogea kushoto na kulia kwa kipimo kile kile, na nilijua, ingawa sikusikia, kwamba anaimba. Msafara ambao nilikuwa nimeufanya kuwa msururu wa kusubiriana ulienda sasa kama maji yaliyoondolewa jiwe. Dereva aliniuliza kama nina tatizo la moyo. Nikamwambia hapana, la mdomo.

Saa kumi na moja na nusu tulifika Mutuini kulipoanza kupambazuka. Kulikuwa na harufu ya ng'ombe na moshi wa kuni, shamba la nyasi ya mabingobingo, na jirani yake kabisa nyumba mpya ya kupangisha yenye orofa nne na nguo za watoto kwenye kila roshani. Baba Wairimu alikuwa amesimama getini na tochi, koti kubwa, kofia ya sufu. Pikapu ilikuwa imepita wote pale mwishoni ili ifunguliwe geti, kwa hivyo sisi ndio tulioonekana kwanza. Alimulika ndani ya Kitanda moja kwa moja, kama mtu aliyejiandaa kutopepesa macho. Akaniona mimi.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi? Amelala?"

Baiskeli zilianza kuingia. Alimulika kila moja. Vijana, Nekesa, vijana tena. Mwisho kabisa Mama Njoki, taa mgongoni, leso imelowa jasho.

"Umefika," alisema kaka yake.

"Nimefika."

Alizima tochi. Akaichukua ile baiskeli kutoka mikononi mwake, akaiegemeza mwenyewe chini ya paa ambapo umande haufiki, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba. "Hii imeisha," alinung'unika. "Utaanguka nayo. Nitakutafutia ingine." Kisha akanigeukia. "Na huyu wa godoro ni nani?"

"Ni rafiki yangu," alisema Mama Njoki, "mpatie chai."

Tulikula nduma na viazi vitamu, na chai ya maziwa yaliyokamuliwa tukiyaangalia. Nilichekwa, kama sheria ilivyoruhusu. Nekesa alikaa mbali. Nilikuwa nakunywa kikombe cha pili alipokuja kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu nami.

"Sijakasirika kwa sababu hukuendesha," alisema bila kunitazama. "Nimekasirika kwa sababu nimemjua Shangazi miaka ishirini na sita, na kitu pekee nimewahi kumwuliza ni kama chai iko na sukari."

Kwa mara ya kwanza tangu jana sikutengeneza jibu.

Saa moja na nusu asubuhi tulianza kurudi, mimi na yeye peke yetu. Kutoka Mutuini hadi Kileleshwa barabara kwa sehemu kubwa inateremka, na hata mimi naweza kuteremka. Watu walikuwa wakienda kanisani, watoto wameng'arishwa kwa mafuta, wanaume wameshika Biblia na funguo za gari. Nekesa alikwenda mbele. Kwenye kila njia panda alisimama hadi nifike, akahakikisha nimemwona, akaendelea. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kutafakari nilichojifunza, kwa kuwa msomaji wa masimulizi ya safari hustahili kupewa kitu mwishoni. Nilijifunza kwamba aliyebebwa huikumbuka barabara kuwa fupi. Pia kwamba suruali ya kubana huvaliwa bila chupi ndani, jambo ambalo mtu angeweza kuniambia Jumamosi.

Saa tatu kasoro nilikuwa jikoni kwangu, miguu ndani ya beseni la maji moto lililokuwa likinisubiri. Mke wangu aliniangalia, akamwangalia binti yake, akaelewa, akaongeza chumvi kwenye maji. Nekesa akaweka simu mezani mbele yangu, sauti ikiwa wazi, namba ya Malava imeshapigwa.

"Nani amekufa?" aliuliza Rosa.

"Hakuna aliyekufa."

"Basi mbona unapiga Jumapili asubuhi? Ndio natoka kwenda misa."

Nikamwambia. Ilichukua kama dakika mbili, vile vile nilivyokadiriwa. Upande wa pili kulisikika kuku.

"Miaka ishirini?" aliuliza.

"Ishirini."

"Na mtoto akaamini? Wewe? Na zile miguu zako?" Alicheka muda mrefu, kisha akaacha ghafla. Niliyatazama maji. "Haya," akasema. "Yuko hapo? Msimulie sasa, vile ilikuwa. Nasikiliza."

Nikakohoa. "Tulitoka Malava saa mbili usiku. Kulikuwa na mbalamwezi..."

"Mbalamwezi gani? Mvua ilitupiga mpaka Kakamega."

"Sikumbuki mvua, Rosa."

"Utaikumbukaje? Turubai ulikuwa umejifunika wewe na vyeti vyako."

Nekesa alinyoosha mkono, akaivuta simu upande wake wa meza, akakaa.

"Shangazi," alisema, "anza wewe."

"Misa itaningoja," alisema Rosa. Tulisikia akiburuta kiti. "Kwanza kabisa, baiskeli yenyewe haikuwa na breki."

Nilikuwa nimeikalia usiku kucha, na hilo pia sikuwa nalijua.